Sababu Nne za Kumwacha Mtoto

Nguvumali, Tanga
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Mwantumu,

Shikamoo yako niliipokea asubuhi na hali yangu umeiona kwa macho yako, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye maneno. Umekwenda Makorora kuwaaga watu wa bibi yako, na kwa ninavyowajua hawatakuachia kabla hujala kwenye nyumba tatu. Muda ninao. Sauda yupo sebuleni amelala kifudifudi juu ya mkeka, anachora, na kila baada ya dakika chache anakuja kuniuliza herufi fulani inatazama upande gani.

Habari za makoti mazito, za kutafuta unga wa sembe ugenini, za nani aamkiwe kwanza ukifika ubalozini, sikuandikii. Mengine umefundishwa, mengine utayajua ukishakosea. Nakuandikia jambo moja tu. Kesho unaondoka kwenda kituo chako cha kwanza, na tumekubaliana kuwa Sauda abaki hapa na mimi hadi utakapotulia. Nataka tuvunje makubaliano hayo. Nataka uondoke na mwanao.

Utashangaa, kwa sababu wazo la kumwacha lilitoka kwangu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Nikikwambia kwa mdomo nitazunguka, na mwisho utajikuta unanipa pole bila kujua nimeomba nini. Nimefanya kazi ya ubalozini zaidi ya miaka thelathini, mwanangu, najijua.

Kumbuka wiki tatu zilizopita. Ulikuja kutoka Dar na barua yako ya kupangiwa kituo, pasi ya Sauda imeshagongwa viza, baba yake ameshatia saini ya ridhaa. Ulikuwa umeshaamua. Mimi sikukupinga, mtu wa kazi yangu hapingi. Nilikuuliza maswali. Nilikuuliza kama unajua baridi ya kule inaanza mwezi gani. Nilikuuliza shule zao zinasomesha kwa lugha gani. Nilikuuliza kikao kikichelewa nani atampokea mtoto. Kisha nikanyamaza, nikakuongezea chai. Kesho yake wewe mwenyewe ukasema, "Baba, nafikiri bora nimwache kwanza, nikishatulia nimfuate." Nami nikavua miwani, nikajifanya nimeshtuka, nikasema, "Mh. Kama umeona hivyo."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya vikaoni. Unamwelekeza mwenzako hadi aone wazo ni la kwake, halafu unakubali kwa shingo upande. Nimewafanyia hivyo mawaziri wa watu na nikapewa pongezi. Sikupaswa kukufanyia wewe, kwenye meza ya chakula, na ninakuomba radhi.

Nilifanya vile kwa sababu nilimtaka mtoto. Miezi hii minane uliyokuwa mafunzoni amekaa hapa kwangu, nimezoea. Asubuhi ananigongea mlango na kusema, "Mume wangu, amka, uji unapoa," nami namjibu, "Mke wangu, leo sukari umetia?" Majirani wanacheka. Hao hao walioniita Balozi tangu nilipohamia mtaani, hata wazee wengine wakawa wananiletea kesi za mbuzi kula mihogo, wakidhani mimi ndiye balozi wa nyumba kumi. Siku hizi hawaniiti Balozi tena. Naitwa Babu Sauda. Sijawahi kupewa cheo nikakipenda kama hicho.

Sasa nikueleze kilichonigeuza.

Juzi nilikuwa natafuta barua za mama yako. Nilitaka nizifunge vizuri uende nazo, kwa kuwa hujawahi kuziona, na kosa hilo pia ni langu. Zimo ndani ya faili la kijani, lile lililo chini ya magazeti. Unajua barua za familia siku zetu zilikuja na mfuko wa Wizara, ule unaofungwa kwa lakiri, kila baada ya wiki mbili. Siku ya mfuko nilikuwa namaliza taarifa za kazi kwanza, halafu mashine ya kuchapa ikiwa bado ipo mezani, naandika na ya nyumbani. Kwa mazoea naweka kaboni. Kila barua niliyomwandikia mama yako ina nakala, na kila nakala ina namba yake ya kumbukumbu. Cheka tu, sikulaumu. Nyingi zinaanza hivi: "Barua yako nimeipokea na yaliyomo nimeyazingatia."

Mke wangu, mwenye miaka ishirini na minane, alikuwa akipata barua za namna hiyo.

Mama yako alikuwa mtu wa Ushongo, kama unavyojua, ng'ambo ya kivuko cha Pangani. Tulipooana alinifuata kwenye kituo changu cha kwanza, akakaa miezi kumi na moja. Baridi hakuilalamikia. Alichokilalamikia ni kuishi kwenye jengo ambalo watu wanapishana ngazini bila kusalimiana. Kuna siku alimshika mkono mzee mmoja wa ghorofa ya pili akamwamkia kwa Kiswahili, yule mzee akakimbilia kwake na kufunga mlango. Tulicheka wiki nzima. Basi akapata mimba yako, na desturi yetu unaijua, uzazi wa kwanza mwanamke anarudi kwao akajifungue mikononi mwa mama yake. Bibi yako alikuwa ameshahamia Makorora. Nikampandisha ndege. Tulikubaliana arobaini yake iishe, shingo yako ikaze, mrudi. Arobaini ikaisha. Mimi nikawa nimehamishiwa kituo kingine, nyumba haijapatikana, nikamwandikia: ngoja kwanza nitulie.

Mwantumu, nilitulia miaka saba.

Likizo ilikuwa kila baada ya miaka miwili, lakini nilikuja miaka ya mwanzo tu, na sanduku la nguo ambazo hazikukutosha kwa sababu nilikisia kimo chako. Mama yako alikuwa akizipokea, anazikunja, anasema ni nzuri, halafu anawapa watoto wadogo wa jirani.

Katika miaka hiyo mimi nilisifika kwa kusoma. Kwenye kazi yetu mtu anaweza kupandishwa cheo kwa kujua kusoma, na utaliona hilo. Waziri mmoja wa nchi ile kila mwaka alikuwa akituita ndugu zake kwenye hotuba. Mwaka mmoja akatuita marafiki zake. Wenzangu walipiga makofi wakaenda kula. Mimi nilirudi ofisini nikaandika taarifa ya kurasa tatu kwamba watu hawa wanajiandaa kutuacha, na kweli hazikupita siku nyingi wakatuacha. Kitabu changu kina sura nzima juu ya neno hilo moja. Umeisoma.

Mwaka huohuo barua za mama yako zilikuwa zinabadilika. Zilikuwa kurasa nne, zikawa mbili, zikawa moja. Habari za majirani zikaisha, utani ukaisha. Aliandika, "Hapa sote wazima, ila mwili wangu siku hizi haunitaki." Aliandika, "Mtoto anauliza baba yake ana urefu gani." Aliandika, "Kama una nafasi mwaka huu, njoo." Mwanamke wa pwani aliyelelewa vizuri akishakuandikia "kama una nafasi", hapo amekuita kwa nguvu zake zote. Nilimjibu kuwa suala la nafasi litategemea ratiba ya mikutano.

Halafu mwandiko ukabadilika. Mama yako alikuwa na mwandiko wa kulala, herufi zinaegemeana. Ghafla nikapata barua yenye herufi za duara zilizosimama wima, mwandiko wa daftari la shule. Niliona. Usidhani sikuona. Nikafikiri amejiunga na madarasa ya jioni aliyowahi kunitajia. Nakala ya jibu langu ninayo hapa mbele yangu, aya ya pili: "Nimefurahi kuona mwandiko wako umekuwa mzuri sana. Endelea na juhudi hizo."

Bibi yako ndiye aliyeniambia, baada ya mazishi. Uvimbe ulianza kwenye titi, ukapanda kwapani, mkono wa kulia ukafura asiweze kushika kalamu. Barua zile alikuwa akimtamkia Mwajuma, binti wa jirani, aliyekuwa darasa la saba. Na alikataza nisiambiwe. "Mwache, yuko kwenye kazi ya watu," alikuwa akisema. Mwajuma alipomsomea ile barua yangu ya kusifu mwandiko, mama yako alicheka hadi akakohoa. Akamwambia, "Haya, umesifiwa." Kisha akageukia ukutani. Baada ya hapo hakutamka barua nyingine.

Hayo sijawahi kukwambia. Ulipokuwa mdogo nilisema hutaelewa, ulipokuwa mkubwa nikaona mambo yameshapita. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na bado naona.

Alifariki asubuhi, akazikwa alasiri ya siku ileile. Habari zilinifikia kesho yake. Balozi wangu wakati huo, mtu mwema, aliniambia nipande ndege mara moja. Lakini kulikuwa na mkutano wa siku mbili nilioutayarisha kwa muda mrefu, nikamwambia, "Mheshimiwa, ameshazikwa. Siku mbili hazitabadilisha kitu." Aliniangalia, akatoka.

Nilifika Makorora hitima imeshapita. Mikeka imekunjwa, masufuria ya kuazima yamesharudishwa kwa wenyewe. Wewe ulikuwa mlangoni, umejifunga kanga ya mama yako kifuani, inaburuza chini. Ukaniangalia suti, ukaniangalia viatu. Ukasema, "Shikamoo. Karibu ndani. Bibi anaswali." Ukaniletea maji kwenye ile glasi ya wageni yenye maua, ukasimama pembeni ungoje nimalize, kama ulivyofundishwa. Hukujua mimi ni nani. Nikayanywa yote, nikakurudishia glasi, nikasema asante. Sijui kama unakumbuka. Natamani uwe umesahau.

Siku ya kumi, nilipokuwa nafunga sanduku, bibi yako aliniita uani. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa.

"Mkwe," alisema, "mie sikulaumu. Mwanangu kaolewa na kazi, na kazi tuliiona tangu posa. Lakini mtoto huyu chukua. Mwenyewe kasema kabla hajakata kauli, mtoto aende kwa babake. Mie n'shakuwa mtu mzima, leo nipo kesho sipo."

"Mama, nimekuelewa," nikamwambia. "Nipe muda nilitazame jambo hili."

Akainua kichwa sasa. "Ulitazame weye jambo gani? Mtoto si yule pale?"

Ulikuwa kisimani, unachota maji na Mwajuma. Nikaondoka peke yangu. Nilipofika kituoni nikamwandikia bibi yako, na nakala ya barua hiyo ndiyo niliyoikuta juzi ndani ya faili la kijani. Ina sababu nne, nimezipiga namba. Kwanza, hali ya hewa ya huku ni ya baridi kali na mtoto hajaizoea. Pili, shule za huku zinasomesha kwa lugha asiyoijua. Tatu, vikao vya jioni ni vingi na hakuna wa kumwangalia. Nne, ni busara asubiri kwanza nitulie.

Niliisoma karatasi hiyo nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Ni yale yale niliyokuuliza wewe wiki tatu zilizopita, mwanangu, kwa mpangilio uleule. Sikukumbuka hata kidogo kuwa nimewahi kuyaandika. Nilidhani siku ile mezani ninayafikiria kwa mara ya kwanza.

Jibu la bibi yako lilikuja na mfuko uliofuata, kwa ule mwandiko wa Mwajuma wa duara. Lilikuwa mstari mmoja: "Tumesikia. Mtoto yupo."

Sababu zote nne zilikuwa za kweli, ndilo linaloniudhi hadi leo. Baridi ilikuwepo, lugha ilikuwepo, vikao vilikuwepo. Lakini wenzangu watatu pale pale ubalozini walikuwa na watoto, wamewavika kofia za sufu, wanawapeleka shule, wanagombana nao jioni juu ya hesabu. Sababu yangu hasa sikuiandika. Nilikuona pale mlangoni ukinikaribisha kama mgeni, nikaogopa. Nilijua kumpokea rais wa nchi uwanja wa ndege, nani asimame wapi, nani atangulie. Kumlaza mtoto aliyefiwa na mama yake sikujua, na nikaona bora nisijaribu kuliko nijaribu mbele yako nishindwe.

Kwa hiyo ukalelewa Makorora, ukalelewa vizuri, bila mimi. Bibi yako Mungu amrehemu, hakunisema vibaya mbele yako hata siku moja. Nasikia mpaka unamaliza shule ya msingi ulikuwa ukiomba dua ya baba pamoja na dua ya mama, na mwalimu wako wa madrasa akakuuliza kama wewe ni yatima wa pande zote mbili.

Nilipostaafu nikaandika kitabu. Kina kurasa zaidi ya mia tatu. Kuna sura ya yule baharia wa Pangani aliyefia bandarini ugenini. Nilikwenda mochari mwenyewe, nikamtambua, nikagombana na ofisi nne hadi akarudishwa kwao, na nikamwandikia mama yake barua ndefu kwa mkono, bila kaboni, nikamweleza hata alivyovalishwa. Miaka mingi baadaye yule mama alikuja hapa Nguvumali na kuku wawili kunishukuru, na wewe ndiye uliyemfungulia mlango. Nakumbuka ulivyokuwa ukinitazama wakati yeye analia. Nilidhani unaona fahari.

Kitabu kilipotoka ulikaa nacho siku tatu. Ukaja, ukakiweka mezani, ukauliza kwa upole, "Baba, mama yuko ukurasa wa ngapi?" Nikakwambia kitabu ni cha utumishi. Yupo kwenye shukrani, ukurasa wa mwanzo kabisa, mstari mmoja: marehemu mke wangu aliyenivumilia. Hukuuliza tena, na mimi sikupata ujasiri wa kukufuata chumbani. Jibu lilipaswa kuwa kwamba sikuweza kumwandika. Nilijaribu mara nyingi. Kila nikianza nafika kwenye ile aya ya mwandiko, nasimama. Hii unayoisoma ndiyo sura yake, na nimechelewa kuiandika.

Sasa turudi kwa Sauda, kwa sababu yeye bado ana mama.

Mwezi uliopita, siku uliyopiga simu ukiwa Dar, alizungumza na wewe kidogo kisha akasema, "Haya, asante kwa kupiga, karibu tena," akanirudishia simu. Wewe ulicheka kule upande wa pili. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa ulicheka. Lakini baada ya kukata niliyarudia maneno yake. Ana miaka mitano, na ameshaanza kukukaribisha. Ukimwacha, hatateseka. Atakula, atasoma, atacheza, nitamfundisha herufi zote zinatazama upande gani. Atakuwa na adabu sana kwako. Utakapomfuata baada ya kutulia atakuletea maji kwenye glasi nzuri, na utamaliza maisha yako yaliyobaki ukijaribu kumfanya akugombeze kama binti anavyomgombeza mama yake. Mimi na wewe tunapendana, nalijua hilo. Lakini hujawahi kunigombeza, Mwantumu, hata siku ulipoweka kile kitabu mezani. Ningetoa vingi ili unigombeze.

Ugumu upo, sitaki kukudanganya kwa upande wa pili. Ataumwa mafua. Atalia hataki shule. Utaingia kikaoni na doa la uji begani na mtu atalitazama. Wakubwa wako wengine watakuambia mwenye mtoto hafiki mbali. Wengine wanaosema hivyo mimi ndiye niliyewafundisha kazi, na wakikwambia hivyo waambie nimeshabadili mawazo. Kuna taarifa utachelewa kuzipeleka. Nilikuwa sichelewi kamwe, nchi haikuniomba kuharakisha kiasi kile.

Na ukiwa naye huko, usijifunze kuzungumza nyumbani kama unavyozungumza kazini. Mimi sikuona nilipovuka. Lugha ile ni nzuri kwa watu wasiotakiana mema, inawazuia wasipigane. Nyumbani mtoto akikuuliza kitu mjibu, na kama hujui mwambie hujui. Akibadilika, hata kidogo, akinyamaza siku mbili, akianza kukushukuru kupita kiasi, acha unachokifanya umuulize.

Niliyoyafanya leo ni haya. Asubuhi uliponiona natoka, nikakwambia nakwenda sokoni, sikwenda sokoni. Nilikwenda mjini kwa yule wakala wa tiketi. Tiketi za Sauda, ya basi na ya ndege, zimo ndani ya bahasha hii. Kwenye ndege kiti cha pembeni yako hakikupatikana, mtawaomba wawabadilishie, watu huwa wanakubali wakiona mtoto. Nguo zake nimezipanga kwenye begi dogo jekundu, lipo uvunguni mwa kitanda changu. Yeye sijamwambia. Hilo ni la mama yake, na nisingependa alisikie kwa mtu mwingine.

Nikaisoma pia barua yako ya kupangiwa kituo, uliiacha juu ya kabati. Nisamehe kwa hilo. Kwenye orodha ya wanaofuatana na afisa jina lake bado limo. Wiki tatu tangu tukubaliane, na hukuwaandikia walifute. Huenda ulisahau. Sidhani kama ulisahau.

Ukiona nimekosea, ukiona kweli kutoka moyoni mwako kuwa ni bora abaki, tutakaa tuzungumze jioni hii, na mara hii nitasikiliza. Lakini usimwache kwa ajili yangu. Usimwache kwa sababu umeniona nimezeeka, au umeniona nacheka naye asubuhi.

Kesho alfajiri pale standi ya Kange nitakuwa nimevaa koti langu la kijivu. Nitamshika mkono hadi mlangoni mwa basi. Nitakwambia msiwe na wasiwasi na mimi, kwamba nina vitabu vyangu, nina majirani, nyumba itapata utulivu na nitapumzika. Nitayasema vizuri, kwa sauti ya kutulia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote. Usiniamini. Nataka abaki. Nataka sana abaki, mwanangu.

Mpandishe basi.

Baba yako